Walinzi wa Chumvi

Katika kaunta buku la kanuni, ukurasa wa arobaini na moja,
chini ya doa la mawese lililosambaa kama ziwa,
kuna mistari miwili tu, mwandiko umelala kushoto:
*Walinzi wa Chumvi. Watano. Pointi tisini.
Hawarudi nyuma. Wa sita ametangulia.*

Basi.
Majeshi mengine yamejaziwa kurasa.
Wapiga mishale wa Malagarasi, hata mbwa wao ana jina.
Mizinga ya Kasulu ina ukoo, ina kiapo, ina deni la unga.
Ila hawa tunaowaogopa kuliko wote
kila Ijumaa usiku, Mwanga, nyuma ya duka la redio la Bukuru,
pale mlango uliong'olewa bawaba unapolazwa juu ya makreti
ukawa bara zima lenye mito ya chaki,
hawa hawana baba.

Nimewaona wakishika daraja la njiti za kiberiti
mbele ya askari arobaini wa risasi ya betri.
Dadu ziligoma. Dadu zilitubu.
Gwasa aliuza kikosi chake chote usiku uleule
kwa sahani ya mgebuka, na hakumaliza kula.

Nikaanza kuulizia.

Bukuru akasema: niliwakuta. Wapi? Kwenye boksi.
Boksi la nani?
Akaiinamia redio, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Nyamizi wa mitumba alilikumbuka belo,
nguo za watoto, likicheka kila alipolitikisa.
"Kumbe mna vijitu. Nikampa karani mmoja wa Uvinza,
alikuwa ananidai, akakubali tukaita imekwisha."

Na Sadoki, ambaye hajawahi kushinda hata mchezo mmoja,
aliapa kwamba walimlinda mfalme asiye na kivuli,
kwamba chumvi ni machozi, kwamba namba tano ni siri.
Nikaandika yote. Sadoki hudanganya kwa ufundi.

Treni ilinishusha Uvinza saa tisa ya usiku.
Karani anaitwa Zebida Ruhuza. Kastaafu.
Miwani yake ina mkono mmoja, wa pili ni uzi.
Nilipolitaja jina la kikosi alishika mdomo
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Mimi na kaka yangu," alisema. "Tuliwapaka rangi ya kucha,
nyeupe, ya zamani, ikaganda mabonge mabonge.
Jina likaja lenyewe.
Nilitaka kila mmoja asimame kwenye kizibo chake.
Kaka hana subira: akaimwaga gundi yote juu ya bati moja,
akawapanga wote wakitazama upande mmoja.
Ukitaka kumgeuza mmoja, uwageuze wote,
na bati lenyewe ni pana kuliko njia zetu za chaki.
Hawarudi nyuma, mwanangu, kwa sababu hawageuziki."

Na wa sita?

"Huyo tulijaribu kumwokoa, kwa kisu cha mezani.
Alikatikia vifundoni."

Akacheka hadi uzi wa miwani ukafunguka.
Kisha hakucheka tena, akauliza kama bado wanachezwa.
Nikamwambia habari ya daraja. Akataka nirudie.
Nikarudia, nikampa na dadu zote, moja baada ya nyingine.

Nyumbani nililiweka bati chini ya taa.
Mbele ya wale watano, umbali wa ukucha,
ndani ya rangi iliyovimba,
buti mbili ndogo kuliko punje za mchele,
tupu,
zikielekea waliko wengine wote.

Niliufungua ukurasa wa arobaini na moja. Nikashika kalamu.
Niliishika muda mrefu. Nikaifunika.

Ijumaa Gwasa alikuja na jeshi la kuazima.
"Ulienda mpaka Uvinza," akasema. "Enhe? Ni akina nani?"

Nikalitua bati darajani, taratibu, buti mbele.
Pointi tisini, nikamjibu. Tupa dadu.