Ukuta wa Bwana Lyatuu

Kabla sijashika brashi nilimwomba aje nimwone.
Akaja Pasua akitokea mazoezini, saa moja asubuhi,
chumvi imemkaukia shingoni, soksi moja ya kijani, nyingine sijui ya nani.
Nimechora mabango miaka kumi na tisa:
vinyozi, mabucha, waganga, Bikira Maria wa kigangoni.
Mwanamke anayehema sikuwahi kumchora.

Ndeonasia Temu, wa pili nusu marathoni,
saa moja, dakika kumi na moja, sekunde arobaini.
Alinitajia mwenyewe, pole pole, kama mtu anayetaja jina la ukoo.
Nikauandika muda kwa chaki, baadaye kwa mafuta,
kabla hata ya kichwa.

Siku tatu, rangi ya mafuta tupu.
Paja lilinishinda mara mbili.
Mkono wangu umezoea mapaja ya saluni,
yale yasiyobeba mtu.
La kwake lina mtaro ubavuni,
kama mfongo wa Uru unaposhusha maji migombani.
Mara ya tatu likakubali.
Nilirudi nyuma hatua tano, nikaona aibu kidogo:
umri wote huu, na ndiyo kwanza natazama.

Kisha wakaja wenye maoni.

Bwana Lyatuu, mwenye duka, mwenye ukuta, mwenye pesa:
"Fundi, umetuletea dume."
Paja lipungue. Likapungua.
Diwani: "Kapata medali, mbona hacheki?"
Nikampa meno, yote, hata ya ziada.
Mwalimu Anandumi, kwa upole, kwa nia njema kabisa:
"Kaptula ishuke, watoto wa shule wanapita hapa."
Ikashuka.
Kijana wa bodaboda akataka kifua. Nikamfukuza.
Jioni Lyatuu akataka kifua kilekile,
nikaongeza.
Ngozi ing'ae. Hereni. Nywele zipepee,
yeye ambaye kichwa chake ni kama nanga ya saa ya ukutani,
kifupi, kizito, kinajua kinapokwenda.
"Na hizo namba zote za nini? Nani atazisoma?
Andika MREMBO WETU WA MBIO.
Chini yake: SARUJI, NONDO, MABATI."

Jumamosi akapita, akasimama, pumzi juu.
"Huyu nani?"
"Wewe."
Akamkagua kuanzia viatu, bila haraka,
kama mtu anayepima ng'ombe wa mahari.
"Huyu hafiki hata Kiboriloni."
Sikucheka. Naye hakuwa anatania.
"Muda wangu uko wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidole, hapo chini ya MABATI.
Akabonyeza saa yake, akaondoka.
Nilibaki na kopo mkononi, na kidole changu bado kimenyooka.

Sasa nikwambie jambo la kifundi.
Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta.
Mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo.
Unapiga msasa kwanza, unapaka praima, ndipo unafunika.
Mimi marekebisho yao yote niliyapaka kwa rangi ya maji,
na msasa sikupiga.
Ukiniuliza kama nilikusudia,
nitakujibu nilikuwa na haraka,
na Lyatuu alikuwa hajamalizia malipo.
Yote mawili ni kweli.

Masika ikaanza wiki ya pili ya Aprili.
Yalitangulia meno.
Watoto wa Mwalimu Anandumi waliyaokota magamba yake,
meupe, wakayabandika kwenye kucha.
Ukafuata upindo wa kaptula. Kifua kikabambuka usiku mmoja.
Kisha paja likaanza kutoka,
pole pole, pamoja na mfongo wake.
Hereni moja imegoma, bado inaning'inia.

Lyatuu amenipigia mara saba. Sijapokea.
Leo nimepita pale na baiskeli, mvua bado nyembamba:
sekunde arobaini zimeshaonekana.
Dakika bado.