Safu ya Hina

Duka la mama Langoni, vibati vimepangika,
halua ya zafarani, harufu ikizunguka;
nami juu dirishani, uzamili wanishika,
fani mbili akilini, na paka ananiruka.

Moja ni tarakilishi, ya pili ni biashara;
bando langu halitoshi, mtandao wadorora;
Mwalimu Shali haishi kudai rasimu bora.
Nikatazama upishi, mada nikaipa sura.

Buku la mama la deni nikalipanga jedwali,
majina yote safuni, kila shilingi ni kweli.
Mtambo ukabaini, ukanena kwa ukali:
«Mwatime wa Mkomani, mfute, hana dalili.»

Mama akanionyesha doa dogo, ni la hina:
«Huyu ndiye alokesha nilipokuzaa, mwana.
Deni lake lilikwisha, hujapewa bado jina.
Kwa nini doa kukosha? Hukuliona mchana?»

Safu mpya nikatia, ya hina, isiyofutwa.
Shali akanipigia: «Faida gani yaletwa?»
Nakaa nafikiria, kishale chameta kutwa.
Chini mwiko nasikia, na Mwatime anaitwa.