Kimo cha Kioo

Tulikipima Kirumba, kwenye mizani ya sangara,
kwa sababu fundi Lugembe halikubali neno "kizito".
Kizito ni maneno, alisema. Nipe kilo.
Ishirini na tatu,
na magamba mawili yakagandia kwenye fremu,
yakatufuata na harufu yake hadi nyumbani.

Kioo cha saluni ya mama, pale Igogo:
miaka thelathini na moja ya shingo zilizoinama,
wauguzi wa Bugando wanaotazama saa,
mabibi harusi, wadaiwa,
vichwa vilivyoingia vimenuna vikatoka vinacheka.
Kona ya chini kuna ufa mwembamba kama unywele.
Ni chupa ya mafuta, mwaka wa mvua kubwa.
Mama hajawahi kumtaja aliyeirusha.

Nyumba yetu Bugarika imeliegemea jabali.
Ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, limepakwa chokaa,
hilo haligusiki. Ukabaki wa sebuleni.
Lugembe aliugonga kwa konzi, pole pole,
sikio limelala ukutani.
Ko, ko: hapa tofali.
Bu: hapa plasta imeachia, nyuma yake hewa.
"Ukuta una masikio," nikamtania.
"Una na matumbo," akasema, "na mengine matupu."

Kaka yangu Ndaki alileta msumari wa inchi nne,
kamba ya katani, na uhakika wake wote.
Lugembe hakubishana.
Aliupigilia yeye mwenyewe, akauning'iniza ndoo ya maji,
akaketi, akaomba chai.
Chai haijapoa, msumari ukatoka na bonge la mchanga,
ndoo ikalala chali, maji yakautafuta mlango.
Ndaki akaenda kutafuta tambara.
Alichelewa kulipata.

Sasa kimo.
Nilisimama, Ndaki akasimama,
tukawekewa alama ya penseli usawa wa macho.
Mama akatutazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu,
miguu imefunikwa kitenge tangu Pasaka ile.
"Hapo mimi nitaona nini? Bati?"
Kimya.
"Kioo hiki cha nani?"

Lugembe alifuta alama kwa mate na kidole gumba.
Akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwa mama,
macho yake sambamba na macho yake,
akanyoosha mkono mbele, penseli ikagusa ukuta:
hapa.
Chini kiasi kwamba Ndaki aliguna.

Drili ilikuwa ya kuazima, Nyakato, ya kurudishwa saa kumi.
Ililia, vumbi la saruji likatua hadi kwenye uji.
Matundu sita, kila tundu na fisha yake,
kila fisha na skrubu ndefu kama kidole changu cha kati,
na chini kipande cha chuma cha pembe.
"Skrubu zishike, chuma kibebe.
Kazi mbili usimpe mmoja."
Juu ya chuma akaweka pima maji.
Kiputo kikahangaika kushoto, kulia,
kama mgeni asiyejua akae wapi,
kikatulia.
Ziwa zima liko pale chini ya kilima
na sisi watatu tumeinama, pumzi tumezibana,
tunaamini tone moja la kijani.

Tulikinyanyua pamoja. Kikakaa.
Lugembe akakining'inia kidogo kwa mikono miwili,
mama akapiga ukelele,
kikakaa.

Hiyo ilikuwa Jumamosi.
Tangu hapo, ukiingia kwetu umesimama
utaona mkanda wako, tumbo lako, vifungo.
Uso ni lazima uushukie.
Ndaki hunyoa ndevu amepiga magoti,
mimi hufunga kilemba nimepiga magoti,
na leo asubuhi jirani Nyanzala, aliyekuja kuomba chumvi tu,
akakiona, akataka kujitazama,
magoti yake yakagusa sakafu mbele ya mama.

"Mwangaluka," mama akaitikia
salamu ambayo haijatolewa,
kisha akasogeza kiti, akanyoosha mkono:
"Geuka. Huku kushoto nani alikusuka?"