Rudisha Nyuma Kidogo

Mimi ni fundi wa televisheni hapa Kondele,
mlango wa buluu, mkabala na muuza magodoro.
Filamu nimeziona vipande vipande
katika vioo vyenye ufa,
nyingine zimebaki kijani tupu,
nyingi hazina sauti, spika imeungua,
na hapo ndipo nilipojifunza kuwapima waigizaji.

Sauti ikifa, uongo hukosa pa kujificha.
Mtu anafumbua mdomo, anafumba,
nyusi zinapanda kama bei ya sukari,
mishipa ya shingo imemtoka,
nami nimeshika chuma cha lehemu najiuliza:
huyu kafiwa, au anaumwa jino?

Wa siku hizi hulia upesi mno.
Barua haijafunguliwa, chozi liko kidevuni.
Mimi nilimwona shangazi yangu
siku mumewe alipoletwa kutoka Russia
(hospitali, si nchi).
Alihesabu viti.
Akavihesabu tena, akasema vimepungua vinne,
akamtuma mtoto kwa jirani.
Alilia Jumanne ya wiki iliyofuata,
akitafuta kifuniko cha sufuria.
Nionyesheni mwongozaji atakayesubiri mpaka Jumanne.

Hawasubiri. Hiyo ndiyo kesi yangu nao.
Kamera haitulii, utadhani imekalia siafu:
uso huu, uso ule, mkono, mlango, helikopta,
jicho halijatua, wenzako wamekwishahama.
Na giza! Nani aliwaambia huzuni haina taa?
Mara tatu nimefungua televisheni ya mtu
nikisaka ubovu, kumbe ubovu umo ndani ya filamu.
Na vile vinanda vyao,
kama yule jamaa wa matangani
anayekufinya ili ulie.

Sisemi zamani kulikuwa bora.
Zamani mtu alipigwa risasi ya moyo
akafa kwa dakika sita, akigawa urithi.
Na juzi tu, filamu ya hapa hapa, ya fedha kidogo,
nimemwona binti jikoni akingoja simu,
anamenya kiazi.
Simu ikaja. Hakulia.
Aliendelea kumenya hadi kiazi kikawa gololi,
na mwongozaji, Mungu ambariki, hakumkata.
Lehemu ilinichoma kidole. Sikuhisi.

Ijumaa akaja Rispa Kadenyi, muuza ndizi wa Kibuye,
televisheni kaibeba kwa leso kama mtoto mchanga.
"Iwe imepona kabla ya saa mbili," akasema.
"Kisia wangu anatokea."
Kisia! Aliyekuwa akija kwangu na sare ya shule
kuniomba sumaku.
Nikabadilisha kapasita, picha ikarudi,
sauti ikagoma kabisa.
Saa mbili ikatukuta palepale,
yeye juu ya kreti ya soda, mimi nimesimama.

Alikuwa mhudumu. Aliwapelekea chai matajiri wanaogombana.
Nyota wa filamu anapiga meza, nyusi juu, mishipa nje.
Kisia akaitazama chai.
Chai tu, isimwagike,
kama mtu anayejua kikombe kikivunjika
kitakatwa kwenye mshahara wake.
Nikamwamini.
Sekunde nne, labda tano,
kisha wakamkata, likaja gari linalolipuka.

"Samahani mama, sauti imekataa."
"Kwani alikuwa na la kusema?"
Akafuta kioo kwa ncha ya leso,
mahali palepale alipokuwa mwanawe,
sasa moto na magurudumu.

"Fundi, rudisha nyuma kidogo."

Nikamweleza kwamba hii inatoka kituoni,
hairudi nyuma.
Akaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei asiyoiweza,
wala hakuinuka.
Yakalipuka magari mengine matatu.
Nikamuuliza anangoja nini.
"Vikombe," akasema.
"Lazima mtu aje kuvichukua."