Imla

Kila Jumanne, baada ya mapumziko,
Mwalimu Zihindula alitusomea kijiji.
Kilikuwa Ufaransa, ukurasa wa kumi na tisa,
kitabu chenyewe kimetafunwa pembe na mende.
"Kijiji, mkato, kimelala bondeni, nukta."
Nasi watoto wa Kalwiro, thelathini na wanane,
magoti yamebanana chini ya mbao tano,
tukaandika: mnara wa kanisa,
mwoka mikate na aproni yake,
theluji juu ya mapaa.

Nsimire aliuliza theluji inanukaje.
"Andika tu," akasema. "Na ukumbuke, neno hilo ni la kike."
Tukaliandika la kike.

Nje ukungu ulishuka kutoka mashamba ya kinina,
ukafuta bendera, ukafuta mlingoti,
ukamfuta mbuzi wa M'Cibalinda,
kikabaki kikohozi chake.
Hakuna aliyetusomea hayo.
Hakuna aliyesema, haya, andikeni

kwamba kengele yetu ni rimu ya lori la kampuni ya chai
lililopinduka kabla baba zetu hawajaoa,
na Cirhuza huigonga kwa nondo
saa kumi na moja, au saa kumi na mbili,
kadiri usiku na kasiksi vilivyomtendea,
mkato,
na kijiji kizima huamka kwa ulevi wake
bila kumlaumu, maana mwanawe
alikuwa katika pinasi ile iliyobeba magunia kuliko watu,
wakiuona mlima wa Bukavu, karibu kabisa kufika;

kwamba nyumba ni arobaini na moja ukihesabu ya Namavu,
na wapo wasioihesabu
tangu alipomkataa shemeji yake akabaki na ng'ombe;

kwamba Mama Nabintu huuza mashanza kwenye jani la mgomba
na hupima kwa jicho,
na jicho hilo husinyaa ukiwa na deni lake.

Nyuma ya dispensari kuna jiwe penye mtandao.
Ukitaka kujua nani ana mtoto mjini asiyetuma kitu,
pita hapo jioni.

Sikuyaandika. Nilipata alama saba juu ya kumi,
tatu zikapotelea kwa yule mwoka mikate.

Mwaka jana, mwezi wa maharagi,
tulipanda mlima kumzika Mwalimu.
Nilitoka Kadutu kwa pikipiki, matope hadi kiunoni.
Usiku wa matanga moto ulikuwa mdogo, kasiksi nyingi,
na sijui nani alianza, labda Mushagalusa
ambaye sasa anapasua mawe barabarani,
"Kijiji,"
na sauti ishirini zikajibu, "mkato,"
"kimelala bondeni," "nukta,"
mnara, aproni, theluji, kila kitu,
watu wenye wajukuu, wasiojua tena
hata kuomba maji kwa Kifaransa,
hawakukosa neno.

Mjane alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooka.
Hakwenda shule hata siku moja.
Akasema: "Aliyasema hayo usingizini miaka thelathini.
Nilidhani ndiko kwao.
Nilidhani ipo siku atanipeleka
nikawasalimie."

Tukatazama moto.
Mtu akaongeza kuni ambayo haikuhitajika.

"Na hiyo theluji," akauliza, "ndiyo nini?"
Wote tukamgeukia Nsimire, kwa kuwa ni nesi
na alishawahi kufika Kinshasa kwa ndege.
Akafikiri.
"Ni ya kike, Mama," akasema.
"Mwalimu alitufundisha hivyo."

Mjane akatikisa kichwa polepole, kama aliyeletewa habari za ndugu.
Kisha matone mawili matatu yakagonga bati,
na nusu ya waombolezaji wakakimbia gizani
kuyaanua maharagi ya marehemu,
huku Cirhuza, aliyedhani kumekucha,
akiipiga rimu.