Dungu

Mwezi wa nne, uwele ukianza kushika maziwa,
napanda dungu kabla jogoo wa Sechelela hajakohoa.
Nina kombeo, debe bovu, na sauti
iliyokauka kwa siku tisa za mayowe.

Wanatokea upande wa bwawa la Ikowa:
kwanza moshi,
halafu moshi unakata kona,
halafu moshi una midomo.
Kwelea. Midomo myekundu, utadhani wamelamba wino wa mwalimu.
Mmoja kiganjani ni mwepesi kama barua;
wakitua wote, tawi la mgunga linavunjika.
Msinifundishe kuwapenda.
Nina watoto watatu na ghala moja.

Ila aliye juu ya dungu haoni kwelea peke yao.
Yupo kipanga, anakuja jua likipanda,
anachukua mmoja, anaondoka, hadai ujira;
mimi naye tunaamia shamba moja.
Wapo kanga wanaofuata matuta wakidonoa viwavi.
Na kwenye mkwaju wa korongoni yupo hondohondo dume
ambaye mkewe amezibwa kwa udongo ndani ya shimo la mti,
umeachwa ufa tu, upana wa kidole,
naye anapeleka panzi kutwa, safari baada ya safari.
Nilimcheka. Nikasema, Chiduo angeuona mfano huu!
Chiduo yuko Mererani, mwaka wa pili, hapatikani.

Jumanne jioni ndege yenye dawa
ilikuja kuua ndege wenye njaa.
Ilipita chini chini, juu ya matete wanakolala.
Tulishangilia.
Nami nilishangilia, sitasema uongo.

Asubuhi, kimya kilikuwa kizito kuliko debe langu.
Kwelea chini kama pumba baada ya kupeta.
Kati yao kipanga, mbawa wazi,
koti lililodondoka kutoka kwenye msumari.
Nyuki wa Ndahani wamelala mlangoni mwa mzinga wao.
Na njiani, hajafika kwenye mkwaju,
hondohondo dume,
panzi bado mdomoni.

Nilisimama chini ya ule ufa.
Ncha ya mdomo ilichomoza,
ikangoja.

Niling'oa ngazi ya dungu, nikaiegemeza mkwajuni.
Watoto niliwatuma upande wa Chilonwa,
ambako dawa haikufika, wakamate panzi wazima.
Siku kumi na saba.
Majirani walisema jua limenipiga.
Alikuwa akinyakua bila shukrani, nusura anitoe kidole.
Siku ya kumi na nane udongo ulivunjwa kutoka ndani;
akatoka na mkia uliopinda,
hakunitazama mara mbili.

Kwenye mkutano wa kijiji, afisa kilimo aliuliza
kama mwakani tuiite tena ndege.
Mimi nisiyesemaga nikanyoosha mkono.
Nyavu, nikasema. Tuwatege usiku, matete yakiwa yamejaa,
tuwakaange. Kwelea ni kitoweo.
Kipanga aliyekufa kwa sumu hata mbwa alimkwepa.
Wengine walicheka. Ndahani hakucheka.
Afisa aliandika kitu, sijui nini.

Tumevuna magunia manne.
Ngazi bado imeegemea mkwaju.
Ya dungu nitachonga nyingine.