Bei ya Herufi

Katika karakana yangu, nyuma ya stesheni ya Prešov,
herufi moja ni yuro nne,
alama ya juu au ya ubavuni, moja na nusu.
Walikuja watoto watatu na mjane,
theluji ikiwadondoka mabegani.

Zdravko, wa Novi Sad, kaandika *Ljubomir*:
l na j zimeshikana mikono
kama watoto wavukao reli.
Desislava, wa Plovdiv, kaandika *Любомир*,
akasema kule kiwanda cha matofali
wote walimwita Ljubčo,
hata mpishi wa kantini,
hata msimamizi aliyemkata mshahara.
Ctibor, aliyebaki nyumbani kumwogesha baba,
hakuandika kitu.

Patasi haina haraka. Nikawauliza:
jina hili lina nini tumboni?
*Ljub*, upendo. Hapo hawakubishana.
*Mir* ndiyo iliyowagawa.
Amani, alisema Zdravko.
Na dunia pia, alisema dada yake,
kwa Kirusi alichochapiwa fimbo shuleni.
Nami nikakumbuka fundi aliyenifunza,
aliyeshikilia kwamba mzizi ni mkongwe zaidi,
kwamba zamani ulikuwa ukuu,
amani ikahamia baadaye, kama mpangaji,
na haikutoka.

Mpenda amani? Mzee yule
aliyeirushia redio kiatu kila saa ya habari?
Kipenzi cha dunia? Dunia ilimpa
kifua cha vumbi jekundu
na pasipoti tatu, kila moja na jina lake.
Mkuu?
Hapo mjane alicheka, akaomba radhi,
akacheka tena.

Kisha Vilma akavua glavu moja.
Kwetu, alisema, ni *Ľubomír*.
Ile L ina kikucha ubavuni,
hulainisha ulimi kabla haujafika kwenye u.
Makarani wote walikiacha mpakani.
Alikwenda nacho, akarudi bila,
miaka thelathini na moja,
nami nikamwita Ľubko jikoni
ili kisipotee chote.

Watoto walinyamaza. Ctibor alitazama buti zake.

Nilianza na kikucha,
nikakichimba kuliko herufi zote.
Bei haikubadilika: moja na nusu.
Mjane alihesabu sarafu juu ya benchi, moja moja,
kisha akachomeka ukucha wake kwenye jiwe,
aone kama unaingia.